Shangazi, mume wangu anataka tuzimalize bustani zote nne

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Georgia, karibu na Atlanta. Mkubwa wa kiume ana miaka mitano, mdogo wa kike atatimiza mitatu mwezi wa kumi. Mwishoni mwa mwezi wa saba, kabla shule hazijafunguliwa, tutakwenda Disney kule Orlando, Florida, penye zile bustani nne za michezo. Mume wangu amejinyima mno kwa ajili ya safari hii. Tangu mwaka jana anapokea zamu za usiku, na hela ameiweka kando bila kuigusa, hata gari lilipoharibika. Nampenda kwa hilo na sitaki aone kwamba namharibia.

Tatizo ni ratiba. Ameiandika na kuibandika kwenye friji. Jumapili tunasafiri kwa gari, Jumatatu Magic Kingdom, Jumanne Epcot, Jumatano Hollywood Studios, Alhamisi Animal Kingdom, kila siku kuanzia saa mbili asubuhi mpaka usiku, Ijumaa tunarudi. Kaka yake aliyeko Texas alishakwenda na familia yake. Amemwambia kwamba usipozimaliza zote nne umetupa hela, na kwamba ukiongeza siku bei ya kila siku inashuka. Lakini watoto wa huyo kaka wana miaka kumi na kumi na miwili.

Mwanangu mdogo asipolala mchana, jioni nyumba haikaliki. Ndiyo kwanza anajifunza kuacha pampasi. Mkubwa ameona video za zile treni za kasi na anasema atazipanda zote. Tena tunaye mama mkwe wangu kutoka Tanga, yuko nasi mpaka mwezi wa tisa. Magoti yanamsumbua lakini ukimuuliza anasema, "Mimi mzima, twendeni." Alimlea mume wangu peke yake, kwa kuuza vitumbua, na sasa mwanawe anataka amwoneshe kila kitu. Nikisema ratiba ni nzito, ananijibu kwamba simtakii mama yake raha. Hapo nanyamaza.

Tumekodi nyumba Kissimmee, jirani na hapo, ina bwawa la kuogelea. Tiketi bado hatujanunua. Nikubali tu au nipinge? Na mkubwa nimwambie lini kwamba tunakwenda? Nikimwambia leo hatalala mpaka siku yenyewe.

Mama wa Wawili, Georgia


Marahaba mwanangu,

Usiikubali ratiba ile, na usiipinge kwa njia unayoipinga sasa. Ukimwambia "ni nzito", yeye anasikia kwamba jasho lake la mwaka mzima halitoshi, na kwamba mama yake ni mzigo. Hukusema hivyo, najua, lakini mtu aliyetoka zamu ya usiku husikia vibaya. Basi tafuta siku yake ya mapumziko, ameshalala na ameshakula. Anza na shukrani, na uitamke kwa kirefu kama ulivyoniandikia mimi. Kisha umwekee mezani mambo ambayo hayahusu hisia za mtu yeyote: umri wa watoto, urefu wao, hali ya hewa na namna tiketi zinavyofanya kazi. Karibu kila kimojawapo kinakuunga mkono.

Tuanze na tiketi, maana hapo ndipo shemeji yako alipojenga hoja. Ni kweli kwamba ukinunua siku nyingi, wastani wa bei ya siku moja hushuka. Lakini yeye alikuwa na watoto wa miaka kumi na kumi na miwili. Watoto wa umri huo wanatembea kutwa, wanapanda karibu kila kitu, na pale wenye miaka kumi na kuendelea wanalipiwa tiketi ya mtu mzima. Wako wewe ni wengine kabisa. Mdogo hajafika miaka mitatu, kwa hiyo anaingia bure. Mkubwa analipa ya mtoto, ambayo ni ya miaka mitatu hadi tisa. Mwambie baba yao kwamba kwa kwenda mwezi wa saba badala ya kusubiri likizo ya mwisho wa mwaka ameokoa tiketi nzima. Hiyo ni faida halisi, na ni yeye aliyeipanga.

Tena tiketi ya siku tatu haikulazimishi siku tatu mfululizo. Unapewa muda wa siku tano kuitumia, na ile ya siku mbili ina siku nne. Siku ya kupumzika katikati haipotezi hata senti. Hili peke yake linaweza kumlegeza, kwa sababu nahisi anaogopa kwamba siku asiyoingia bustanini ni siku iliyolipiwa bure.

Sasa nikupe ratiba ya kuibandika kwenye friji badala ya ile. Jumatatu Magic Kingdom. Jumanne mkae nyumbani Kissimmee. Jumatano Animal Kingdom. Alhamisi mrudi Magic Kingdom asubuhi tu, mwondoke kabla ya adhuhuri mkafunge mizigo. Ijumaa barabarani. Epcot na Hollywood Studios waachieni watakapokuwa wakubwa. Magic Kingdom ilifunguliwa mwaka 1971 na Animal Kingdom mwaka 1998. Mahali palipojengwa kwa miaka 27, na panaongezewa hadi leo, hapamalizwi na mtoto wa miaka miwili kwa siku nne.

Baba yao atauliza kwa nini kurudia bustani moja wakati zipo ambazo hamjaziona. Mwulize yeye: mwanenu mkubwa husimuliwa hadithi ile ile mara ngapi? Watoto wa umri huu wanapenda kurudia. Siku ya kwanza wanashangaa na kuogopa, siku ya pili wanapajua, wanakushika mkono wakupeleke kwenye kile walichokipenda. Furaha anayoitafuta mume wangu, samahani, mume wako, mwanangu, nimeshaanza kumwona kama wangu wa kumtetea, ataiona Alhamisi kuliko Jumatatu.

Kuna jua pia. Mwishoni mwa mwezi wa saba Orlando hufika nyuzi 33 mchana, na unyevu wake ni kama wa Tanga mwezi wa pili, isipokuwa upepo wa bahari haupo. Karibu kila alasiri wingu linajikusanya na radi zinapiga. Radi zikikaribia, michezo ya nje husimamishwa na watu wote hukimbilia ndani kwa pamoja. Saa ambazo mtoto wako anahitaji kulala ndizo hizo hizo ambazo bustani inakuwa na joto kali, foleni ndefu na nusu ya michezo imefungwa. Kutoka saa sita hivi ni busara ya kifedha pia; mwambie hivyo.

Asubuhi, kwa upande mwingine, ni dhahabu. Wanaolala hoteli za Disney huruhusiwa kuingia nusu saa mapema, nyinyi hamtakuwa na nafasi hiyo, kwa hiyo fikeni mapema kuliko mnavyodhani inahitajika. Na Magic Kingdom ina jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wafike: gari haliegeshwi mlangoni. Mnaegesha ng'ambo, halafu mnavuka ziwa kwa kivuko au mnapanda treni ya reli moja. Pamoja na mtoto, bibi na mabegi, tengeni saa nzima kuanzia mnapozima gari mpaka mnapoingia. Mkishaingia, nendeni kwanza kwenye mchezo wenye foleni mbaya, kama Peter Pan's Flight, ambao hauna sharti la urefu na hata mdogo atapanda. Dumbo, farasi wa kuzunguka na mashua za "it's a small world" hazina sharti la urefu pia, na familia yote inakaa pamoja.

Urefu ndio utakaomliza mkubwa msipomwandaa. Mpime leo ukutani, akiwa na viatu atakavyovaa siku hiyo. Mtoto wa miaka mitano mara nyingi yuko kwenye inchi 41 au 43. Treni ndogo ya Barnstormer inataka inchi 35, Seven Dwarfs Mine Train inataka 38, hizo atapanda. Space Mountain inataka 44, na Expedition Everest kule Animal Kingdom vilevile 44. Pale mlangoni kuna kipimo, na mfanyakazi hatamhurumia hata kwa nusu inchi, wala msimwombe, kwa sababu vizuizi vya viti vile vimetengenezwa kwa mwili wa urefu huo. Akishajua habari za safari, mkae naye, mwonesheni kwenye karatasi zile anazoweza na zile za kungoja, aziweke alama mwenyewe. Akifika pale anajua tayari.

Kwa zile ambazo mdogo hawezi, mwombeni mfanyakazi wa mlangoni utaratibu wa kupokezana. Mzazi mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha wa pili anaingia bila kupanga foleni upya. Ni bure. Kuna pia njia ya kulipia, Lightning Lane, inayopunguza foleni. Nyinyi mnaolala nje mnaweza kuinunua kwenye programu yao ya simu kuanzia siku tatu kabla, saa moja asubuhi. Kama hela ipo, inunueni Jumatatu tu. Mdogo hahitaji.

Sasa tuje kwa mama. Mume wako ana haki ya kutaka kumwonesha mama yake kitu kizuri. Mwanamke aliyewasomesha watoto kwa vitumbua anastahili kuoneshwa, na kwa hilo mimi niko upande wa mwanawe moja kwa moja. Lakini hakuna aliyemwuliza anachotaka yeye. Wamama wetu wa pwani hawasemi wamechoka, hasa mbele ya mtoto aliyewalipia. Mwambie mume wako amwulize wakiwa wawili tu, na asimwulize kama anaweza, kwa sababu atajibu anaweza. Amwulize angependa kuona nini.

Mimi nina jibu langu, nalo ni Jumatano. Ndani ya Animal Kingdom kuna kijiji kiitwacho Harambe. Waliokibuni walikwenda Afrika Mashariki kutazama, na Lamu ni miongoni mwa walikochukulia sura ya nyumba zile. Utaona kuta zilizochunika chokaa, milango, vibao vya maduka na matangazo ya kubandikwa, na mengi yameandikwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo penye malori ya Kilimanjaro Safaris, yanayoingia kwenye mbuga ya ekari 110 hivi, kuna twiga, tembo, simba, vifaru na viboko. Safari nzima ni kama dakika ishirini, mmekaa, hakuna sharti la urefu, na mtoto mchanga anaruhusiwa. Barabara imetengenezwa kwa makusudi iwe ya mashimo, kwa hiyo mama akae katikati ya benchi na mtu kila upande. Nendeni asubuhi mara wanapofungua, kabla wanyama hawajajificha kivulini.

Fikiria wajukuu hawa, waliozaliwa Marekani, ambao kila siku wanamwona bibi akiwa mgeni: hajui kuagiza chakula dirishani, hajui mashine ya dukani, wao ndio wanaomtafsiria. Harambe bibi ndiye anayejua kusoma ukutani. Yeye ndiye atakayewaambia hiki ni nini na kule kwetu kikoje, na atawakosoa waliokosea. Mwache akosoe. Msimharakishe kwenda kwenye mchezo mwingine. Kama mume wako anataka kumpa mama yake heshima mbele ya watoto, hakuna bustani nyingine kati ya zile nne itakayompa hivyo.

Kwa hiyo bibi anunuliwe tiketi ya siku moja, ya Jumatano. Akisema anataka na Magic Kingdom, basi ya siku mbili, na inatosha. Kodini kiti cha magurudumu pale mlangoni asubuhi, kwa sababu wanatoa kwa anayewahi. Najua atakataa. Usimwambie ni kwa ajili ya magoti. Kichukueni, wekeni mabegi juu yake, mwanawe akisukume mwenyewe. Kufika saa nne atakaa bila kuambiwa, na anayesukuma akiwa mwanawe hatajisikia vibaya.

Kigari cha mtoto chukueni cha kwenu, cha viti viwili. Ndiyo, na mkubwa pia. Atakiringia asubuhi na kukiomba mchana. Kisizidi upana wa inchi 31, na inchi 52 kutoka mbele hadi nyuma. Vile vya kukodi pale ni vya plastiki ngumu, haviegemei nyuma, mtoto hawezi kulala vizuri, na haviruhusiwi kutoka nje ya bustani. Kwa mtoto anayeacha pampasi, mvalishe pampasi siku hizo mbili tatu wala usione umerudi nyuma. Foleni ya dakika arobaini haina choo. Kila bustani ina kituo cha watoto chenye meza za kubadilishia, sehemu ya kunyonyesha na pa kupashia chakula cha mtoto. Cha Magic Kingdom kiko mwisho wa barabara kuu ya kuingilia, karibu na mkahawa wa Crystal Palace. Kitafuteni mkiingia, kabla hamjakihitaji.

Chakula mnaruhusiwa kuingia nacho. Masharti ni kisiwe kwenye chupa wala bakuli la kioo, kisihitaji kupashwa, na kisiwe na harufu kali. Pilau ibaki nyumbani kwa jioni. Chapati, mayai ya kuchemsha, matunda yaliyokatwa, kuku wa kuoka aliyepoa, hivyo vinapita, na vinamwondolea mama wasiwasi wa nyama iliyochinjwaje. Barafu ya vipande hairuhusiwi, tumieni zile pakiti za kugandisha. Maji ya baridi kwenye kikombe mnapewa bure kwenye maduka ya chakula cha haraka, mkiomba tu.

Watoto wakipotea hupelekwa kwenye kile kituo nilichokitaja. Kila asubuhi mpige picha kila mtoto na nguo alizovaa. Namba yako ya simu iandike kwa kalamu isiyofutika mkononi mwa mdogo. Mkubwa mfundishe jina lako kamili, maana wengi wa watoto wetu wakiulizwa mama anaitwa nani wanajibu "Mama". Mwoneshe pia wafanyakazi wenye kibandiko cha jina kifuani, hao ndio wa kuwaendea.

Jumanne ya mapumziko inanitia wasiwasi kuliko siku zote za bustanini, nami naomba unisome hapa kwa makini. Mna nyumba ngeni yenye bwawa, watu wazima wamechoka, na mtoto wa miaka miwili anayejua kufungua milango. Marekani, kuzama majini ndiko kunakoua watoto wa mwaka mmoja hadi minne kuliko sababu nyingine yoyote. Mara nyingi hawapigi kelele. Mkifika Jumapili, kabla ya kushusha mizigo, kagueni kila mlango unaotoka kwenda bwawani, kama una kengele au komeo la juu, na kama bwawa lina uzio unaofungika. Kama hakuna kitu, mpigieni mwenye nyumba hapo hapo. Wakati wa kuogelea, mtu mzima mmoja ndiye mlinzi, anatajwa kwa jina, simu ameiweka mbali, na hatoki mpaka mwingine aseme "nimepokea". Wakishatoka majini, ondoeni midoli yote, kwa sababu mtoto hurudi kuifuata. Bibi asiachiwe zamu hii peke yake. Magoti yake hayatamfikisha.

Fataki za Magic Kingdom ni nzuri sana, lakini ni za usiku na zina mshindo. Jumatatu baba aende na mkubwa peke yao jioni, baada ya kulala mchana, tiketi yao inawaruhusu kurudi siku hiyo hiyo. Wewe, mdogo na mama mbaki nyumbani. Baba aliyekesha kazini mwaka mzima apate usiku mmoja na mwanawe mabegani.

Tiketi nunueni kwenye tovuti ya Disney yenyewe au kwa wakala wanaemtambua. Kissimmee mtaona mabango ya tiketi za bei chee kando ya barabara. Nyingi zinataka mkasikilize kwanza watu wanaouza hisa za nyumba za likizo, na asubuhi yenu itaishia hapo. Tiketi iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine msiiguse, hairuhusiwi kuhamishwa.

Na mkubwa mwambie siku tatu kabla. Kabla ya hapo mpimeni ukutani kama mchezo wa kawaida, bila kutaja safari. Akishajua, mpe kazi: yeye ndiye atakayemweleza bibi lori la safari linapandwaje. Na Jumapili mwondoke alfajiri, wakiwa bado wanasinzia, kwa sababu mna mwendo wa saa saba na zaidi.

Shangazi